Mwenye Sikio Ameshaanza Kusoma Nota

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mpiga kinanda ambaye akisikia wimbo mara moja au mbili huupiga kwa mikono miwili pamoja na besi yake. Mwalimu wake mpya amemwambia kwamba hayo ni mazoea mabaya, kwamba mwanamuziki wa kweli husoma, na kwamba mpaka amalize kitabu cha kwanza cha nota haruhusiwi kupiga chochote alichokiokota kwa kusikia. Kijana ananiuliza mambo mawili: kama wapo watu wanaozaliwa na kipaji cha kusoma nota papo kwa papo, yaani kuipiga karatasi ambayo hawajawahi kuiona, jinsi yeye alivyozaliwa na sikio, na kama ni lazima akiue kimoja ili akipate kingine. Nilikusudia kumjibu kwa mistari michache, lakini najua wasomaji wangu wengi mna hamu ileile ya kuketi mbele ya kinanda na kuwa huru, na jambo lenyewe linanigusa mahali ambapo bado panauma.

Mimi nami nilianza kwa sikio. Kabla sijajua kwamba mambo haya yana majina, nilijua besi ikishuka hatua moja sauti za juu zitaelekea wapi, nilijua wimbo unapotaka kutua na unapodanganya kwamba umetua, na mtu akiimba kwa sauti ya chini kuliko nilivyozoea nilihamisha mikono bila kuulizwa. Kisha nikajiunga na kwaya iliyoimba nyimbo zilizoandikwa. Mwalimu wa kwaya alinitandikia kurasa mbele yangu, akahesabu mapigo, akaniacha nihangaike peke yangu. Sikufika mwisho wa mstari wa kwanza. Aliichukua karatasi kinandani, akawageukia waimbaji wote, akasema, “Huyu anakariri tu, muziki haujui.” Baadhi walicheka. Nimemsamehe, lakini sijasahau, wala sioni sababu ya kujifanya nimesahau, kwa kuwa neno lile lilikuwa na ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaochoma zaidi: kusoma kweli sikujua. Uongo ulikuwa pale aliposema kwamba nilichokuwa nacho si muziki.

Miaka ya mazoezi iliyofuata haina cha kusimulia. Nilisoma, nikachoka, nikasoma tena. Nitakwenda moja kwa moja hadi mwezi uliopita, nilipoitwa kumsindikiza mwimbaji mmoja kwa sababu mpiga piano wake aliugua ghafla. Nilikabidhiwa karatasi nikiwa tayari nyuma ya jukwaa. Ilikuwa na flati tatu, yaani alama za kushusha sauti nusu hatua, mapigo matatu kwa kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo kati ya mistari ya wima, na mkono wa kushoto ulioanza kwenye E flati ukashuka D, C, hadi B flati. Nataka mniamini ninaposema kwamba sikuzisoma nota hizo nne mojamoja. Jicho liliona umbo la kushuka, na sikio likaitambua besi ambayo nimeipiga tangu utotoni katika nyimbo nyingi ambazo sikuwahi kuziona zimeandikwa. Ukurasa wa pili ulikuwa na A iliyoondolewa flati yake. Niliisikia kabla kidole hakijaigusa, na papo hapo nikajua kwamba wimbo unaelekea kutua kwenye B flati, basi mkono wa kushoto ukaenda huko ukisubiri. Tulimaliza bila kusimama hata mara moja. Mwimbaji aliniuliza nimeufanyia mazoezi kwa muda gani, nami nilijisikia fahari ambayo siionei haya.

Sasa swali la kwanza la kijana wangu. Kinachoitwa kipaji cha kusoma papo kwa papo, kwa sehemu kubwa, ni sikio linalofanya kazi kupitia macho. Msomaji hodari anasikia karatasi inakokwenda, na macho yake yanathibitisha tu. Ni kama wewe unavyoisoma sentensi hii: huzitamki herufi mojamoja, bali unalitambua neno zima, na mara nyingi umeshalikisia kabla hujalifikia.

Katika miaka ya 1970 John Sloboda, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliwapa wanamuziki karatasi wasizozijua, kisha akaziondoa machoni mwao ghafla wakiwa katikati ya kupiga. Wasomaji dhaifu walikwama karibu palepale, lakini wasomaji wazuri waliendelea hadi nota saba hivi, na mara kwa mara walifikia mwisho wa kifungu cha tuni, yaani pale ambapo mwimbaji angevuta pumzi. Tafakari jambo hilo vizuri. Kama wangekuwa wanasoma alama tu, wangekatika mahali popote, lakini waliishia mahali penye maana, na maana hiyo haionekani kwa macho, inasikika.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. Boris Goldovsky, mpiga piano na mwalimu, alikuwa na mwanafunzi aliyesoma kwa taabu. Siku moja mwanafunzi huyo alimpigia kipande cha Brahms, mtunzi wa Ujerumani, akapiga nota isiyopatana na zenzake. Goldovsky alimwambia asahihishe, naye akajibu kwamba amepiga kilichochapishwa. Ikawa kweli: karatasi ilikuwa na kosa la uchapaji ambalo wapigaji waliotangulia walikuwa wakilipita bila kuliona. Goldovsky akawapa wasomaji hodari karatasi ileile, akawaambia waziwazi kwamba ina kosa na wapige mara nyingi wapendavyo mpaka walipate, na bado walishindwa kuligundua, kwa sababu kila walipofika pale vidole vilipiga nota iliyo sahihi. Hawakuwa wazembe. Sikio lao lilikuwa limeshaamua nota gani inafaa pale, na jicho likakubali.

Jambo hilihili linaonekana kwa walio wakubwa kabisa. Mwaka 1870, mjini Rome, Edvard Grieg, mtunzi wa Norway, alimpelekea Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi mashuhuri wa Hungaria, hati ya tungo yake ya piano na okestra, na Liszt akaipiga papo hapo kutoka kwenye hati hiyo. Katika barua aliyoiandika nyumbani, Grieg alieleza kwamba karibu na mwisho Liszt aliinuka na kupaza sauti kwa furaha, na kilichomfurahisha ni G ya kawaida iliyotokea mahali ambapo sikio lilitarajia G shapu, yaani G iliyopandishwa nusu hatua. Mtu anayebonyeza alama tu hawezi kushangazwa na nota. Liszt alishangazwa kwa sababu, huku akisoma kwa kasi ile, alikuwa na matarajio, na matarajio hayo ndiyo sikio lenyewe.

Kipaji cha kuzaliwa kipo, na sitakuficha. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Meinz na David Hambrick, waliwapima wapiga piano 57 katika kusoma papo kwa papo. Mazoezi yalieleza karibu nusu ya tofauti zao, na uwezo wa kushika mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja, ambao watu hutofautiana nao sana, uliongeza takriban asilimia 7. Kwa hiyo wapo waliopewa zaidi, lakini sehemu waliyopewa ni ndogo ukiiweka kando ya ile waliyoitafuta. Watafiti wengine, Andreas Lehmann na Anders Ericsson, waliona katika miaka ya 1990 kwamba wapiga piano waliobobea katika kusindikiza wengine husoma vizuri kuliko wenzao waliobobea kupiga peke yao, ingawa wote ni mafundi. Anayesindikiza huletewa karatasi mpya kila mara, ilhali anayepiga peke yake hukaa na kazi moja mpaka vidole viimeze. Huo ndio ushauri wangu mkuu, na nitaurudia: soma karatasi mpya kila siku.

Isome iliyo rahisi kuliko uwezo wa mikono yako. Kabla hujagusa kitufe, tazama ufunguo, yaani wimbo unatua kwenye sauti ipi, tazama mizani, yaani mapigo mangapi kwa kila kipimo, gonga mdundo kwenye goti, kisha uimbe sauti ya juu polepole, hata kwa kunong'ona, ukijaribu kuisikia pale inapokwenda. Halafu piga, na usisimame. Ukikosa nota, iache iende. Ukipotea kabisa, shika besi peke yake mpaka upaone tena ulipo. Mtu mmoja akae kando yako akiwa na kipande cha karatasi ngumu, awe anakifunika kipimo unachokipiga wakati huohuo unapokipiga, ili jicho lilazimike kuwa mbele. Zoezi hili linaudhi sana mwanzoni, na ndilo lililonisaidia kuliko vitabu vyote. Kesho yake chukua karatasi nyingine, kwa maana iliyosomwa jana imeshakuwa kumbukumbu. Karatasi mpya, kila siku.

Ninyi mnaopiga kwa kusikia, nawaambia kwa upendo lakini kwa ukali kidogo: msijifiche nyuma ya majina makubwa. Ni kweli kwamba Erroll Garner, mpiga piano wa jazi wa Marekani aliyefariki mwaka 1977, hakujua kusoma nota maisha yake yote, na hakuna atakayethubutu kusema kwamba hakuwa mwanamuziki. Lakini Garner alipiga muziki wake kwa namna yake, na wenzake wakamfuata. Ukitaka kumsindikiza mwimbaji aliyekuja na wimbo wake mkononi, au kuketi na wapigaji wengine ambao hawana muda wa kukusikilizisha mara mbili, unahitaji karatasi. Kukataa kusoma kwa kuogopa kwamba nota zitaua kipaji ni woga uliovishwa nguo za unyenyekevu. Sijawahi kukutana na sikio lililouawa na nota. Nimekutana na masikio mengi yaliyouawa na dharau.

Nanyi walimu, mwanafunzi anayepiga kwa kusikia amekuletea nusu ya kazi ikiwa imefanyika. Guido wa Arezzo, mtawa aliyeendeleza uandishi wa muziki kwa mistari katika karne ya 11, alitaka waimbaji wake waweze kuimba wimbo ambao hawajawahi kuusikia, na njia aliyoitumia ilikuwa kuyafungamanisha maandishi na sauti wanazozijua tayari. Ndiko zilikoanzia silabi za solfa (do, re, mi na kuendelea), ambazo katika karne ya 19 Sarah Glover na John Curwen wa Uingereza walizipanga upya ili hata mtu asiye na chombo aweze kusoma kwa kusikia nafasi ya kila sauti kutoka kwenye do. Kumkataza mwanafunzi asitumie sikio ili ajifunze kusoma ni kumnyang'anya chombo ambacho maandishi haya yalitengenezewa. Ukimwaibisha mbele ya watu, unaweza kumfunga kwa miaka.

Kwa hiyo, kijana wangu, usiache kupiga ulichokisikia. Chagua wimbo mmoja ambao tayari unaupiga kwa sikio, tafuta karatasi yake, uisome polepole huku ukiupiga, utazame jinsi kila mkunjo wa besi unaoujua unavyoonekana kwenye mistari, kisha uupige huohuo ukianzia F, halafu ukianzia A flati, na kila mara uandike vipimo vinne vya kwanza kwa mkono wako mwenyewe. Muda unaobaki utumie kwa karatasi ambayo hujawahi kuiona. Na utakaporudi kwa mwalimu wako, mwombe kwa heshima akuruhusu uimbe kila zoezi la kitabu kabla hujalipiga. Akikubali, endelea naye, na akikataa, mtafute mwalimu mwingine mwezi huuhuu.