Pikipiki ya theluji: anza na injini

Ndugu, nimekuelewa: unataka kutoa magurudumu ya pikipiki ya motokrosi (ya mbio za njia za udongo), ufunge seti ya theluji, yaani skii mbele na mkanda wa kuisukuma nyuma, upande milima ya Idaho, Marekani, ila hujui uchague injini ya cc 250 au 450. Chukua 450 ya mipigo minne. Theluji laini inakula nguvu vibaya mno, na 250 itakuchosha mlimani. Tafuta yenye mfumo wa umeme wa kuingiza mafuta; kabureta inasumbua kadiri unavyopanda juu, hewa inapokuwa nyepesi.

Mkanda wenye urefu wa inchi 120 unakata kona vizuri, lakini kwa theluji ya kina nenda 129 au 137. Kabla ya kulipa, hakikisha vishikizo vya kufungia seti hiyo vimetengenezwa kwa modeli na mwaka wa pikipiki yako.

Wengi wanasahau joto. Pikipiki nyingi za motokrosi hazina thamostati, yaani vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, kwa hiyo kwenye baridi injini haifikii joto lake. Funga thamostati, ziba sehemu ya rejeta, na kinga njia ya hewa isivute theluji. Kama hujawahi kufungua mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma, mpe fundi kazi ya kufunga seti. Cheni ikikaa upande itakatika mbali na barabara.

Na tafadhali, usiende peke yako. Soma kozi ya maporomoko ya theluji kwanza, angalia utabiri wake kila asubuhi. Kifaa cha mawimbi, kinachowaonyesha wenzako ulipo ukifukiwa, kivae mwilini, mbali na simu. Koleo na fimbo ya kumtafutia aliyefukiwa viwe mgongoni, kamwe si kwenye pikipiki.