Ulihesabu Saa Ngapi? Kwa Wanaokuja Kufanya Utafiti Mbuga ya Bahari ya Mombasa

Nilipokuja mara ya kwanza nilikuwa na mapezi mapya na ratiba iliyojaa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku saa tatu asubuhi. Ratiba ile ilidumu wiki moja. Ninyi mnaoanza sasa, nawaandikieni yaliyonigharimu.

Mbuga hii ilitengwa mwaka 1986. Haiko kisiwani penyewe; iko ng'ambo, mbele ya fukwe za Nyali, Bamburi na Shanzu. Mbuga ni kilomita mraba 10 tu, na kando yake kuna hifadhi ya kilomita mraba 200. Mbugani hakuna kuvua, hata kwa mshipi. Kwenye hifadhi wavuvi wanaruhusiwa zana za jadi, malema na mishipi. Tofauti hiyo ndiyo inayotuleta sote: tunataka kujua samaki wasiovuliwa wanawazidi wenzao kwa kiasi gani.

Basi nami nikahesabu. Mbugani nilihesabu siku za bamvua, maji yamepwa mpaka matumbawe yanachungulia. Kwenye hifadhi nikaenda wiki iliyofuata, maji mafu, siku ambazo maji hayapwi wala hayajai sana. Grafu ikatoka nzuri ajabu, mbuga imejaa samaki, nje hamna kitu. Msimamizi wangu akaitazama, akauliza swali moja: "Ulihesabu saa ngapi?" Sikuwa nimeandika. Bamvua ikipwa, samaki waliokuwa wametawanyika juu ya nyasi za bahari hujikusanya kwenye vina vilivyobaki. Nilikuwa nimepima maji, si ulinzi. Kazi ya mwezi mzima ikaishia kwenye droo.

Kwa hivyo jifunzeni maji kabla ya kujifunza samaki. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo hapa Mombasa maji hupwa kabisa kwenye saa nne hivi za asubuhi, na kati ya kupwa na kujaa tofauti hukaribia mita 4. Katikati ya bamvua moja na nyingine ni maji mafu. Chukueni jedwali la maji la bandari ya Kilindini, lakini mwulizeni na nahodha. Wazee wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu na hawatazami simu. Mmoja aliniona nabeba vifaa akaniambia, "Mwanangu, leo mwezi saba, unakwenda kutafuta nini?" Yaani siku ya saba tangu mwezi kuandama, maji mafu. Kila karatasi yako iwe na saa, maji yanapwa au yanajaa, na mwezi ngapi.

Misimu pia. Kaskazi maji huwa maangavu. Kusi ikishika nguvu, mawimbi yanachafua kila kitu na boti nyingine hazitoki. Anayetaka kuona matumbawe yakipauka aje Machi na Aprili, joto la maji likiwa kileleni. Mwaka 1998 pwani yote ya Kenya ilipoteza matumbawe mengi msimu huohuo. Ukija Julai utaandika habari za mawimbi.

Karatasi: leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya KWS, shirika la wanyamapori. Mkenya pia anahitaji, msidanganyane. Anzeni miezi kadhaa kabla, na hata mkiwa nazo mkononi, ripotini kwa askari wa mbuga kabla ya kupanda boti. Si adabu tu. Wao ndio watakaokutafuta injini ikizimika.

Majina ya samaki nayo yana mtego wake. Mvuvi akikwambia amepata changu, hajakosea, lakini changu ni jina la samaki wa aina nyingi, na pono vilevile. Ukiandika "changu 12" umeandika ukoo, hujaandika samaki. Piga picha, uweke jina la kisayansi kando ya lake. Halafu msikilize, maana anajua mambo ambayo kibao chako cha kuandikia majini hakina. Kikande, kwa mfano, anakula wale wadudu wa miiba mieusi wanaotafuna mwamba. Wavuvi wakimmaliza kikande, miiba huongezeka, na wewe utaigundua kwa unyayo kabla ya kuihesabu. Vaa viatu vyenye soli ngumu.

Na penseli beba tatu. Moja itakuponyoka siku ya kwanza. Ya pili nahodha ataiomba aandikie hesabu ya petroli, na hutaiona tena.