Mshahara wangu unaingia ukiwa tayari wa watu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, nina mke, watoto wawili na kazi ya kueleweka. Nina madeni tisa. Benki wanakata mojakwamoja kwenye mshahara. Nina mikopo mitatu ya simu, nakopa huu nalipa ule. Nimechukua advansi kazini. Nadaiwa na wafanyakazi wenzangu wawili, nadaiwa na shemeji yangu, na kuna mkopeshaji binafsi ambaye kila mwezi nampa riba tu, asilimia 10, deni lenyewe linabaki palepale. Mke wangu analijua la benki peke yake. Simu ikiita na namba siijui, natoka nje.*

*Rafiki mmoja ananishauri nichukue mkopo mkubwa, nilipe wote, nibaki na mmoja. Mwingine, ambaye naye alizama akatoka, ananialika kwenye kikundi chao cha watu wanaosaidiana kumaliza madeni. Nilicheka. Waliofilisika wakikutana wanaambiana nini? Nifanyeje?*

*Mwenye Tisa*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilihesabu madeni. Mara ya pili macho yaligota kwenye ile sentensi ya simu: unatoka nje. Maana yake kuna mtu ndani anayekuona ukitoka, na pengine anadhani una mwanamke. Nitarudi hapo.

Dawa ya deni ni kulipa, tumeambiwa tangu utotoni, na nani atabisha? Ila hakuna anayekueleza dawa hiyo inanywewa kwa kijiko gani mtu akishakuwa na chupa tisa mezani.

Nakueleza kwa kuwa nimewahi kuinywa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na deni la mfanyakazi mwenzangu, si kubwa, na kwa miezi minne nilipanda ofisini kwa ngazi za nyuma, zile zinazopita kwenye stoo, ili nisipite mlangoni kwake. Goti langu hili bovu nadhani lilianzia kwenye ngazi zile. Siku niliyoandika madeni yangu yote nyuma ya karatasi ya kalenda, jumla ilikuwa kubwa kuliko nilivyokuwa nikijidanganya. Lakini ilikuwa na tarakimu ya mwisho. Deni la kichwani halina tarakimu ya mwisho, ndiyo maana linakuamsha saa tisa usiku.

Kwa hiyo nunua daftari. Usiandike kwenye simu, simu ndiyo iliyokufikisha hapa. Kila deni lipewe mstari: nani, limebaki kiasi gani leo, riba ni ngapi kwa mwezi, tarehe ya kulipa ni lini, na la tano ambalo watu hulikwepa, nini kitatokea nisipolipa. Hilo la tano ndilo linalopanga foleni. Shemeji akinuna utaumia moyo, lakini hutalala nje. Kodi ya nyumba, chakula na ada za watoto havimo kwenye foleni kabisa, vinatoka kwanza. Na kama kuna deni uliloliwekea dhamana, kiwanja au chombo cha kazi, lipige mstari mwekundu, maana hapo ukichelewa unapoteza na cha kulipia mengine.

Namba hujazitaja, na umefanya vizuri. Tuchukue mshahara wako kuwa 100, tumtazame huyo mkopeshaji binafsi. Tuseme anakudai 30. Asilimia 10 yake ni 3, na hiyo ndiyo unayompelekea kila mwezi. Baada ya miezi kumi utakuwa umempa 30, sawasawa na alichokukopesha, na bado anakudai 30. Anaweza kukaa hivyo mpaka ustaafu, na atakusifu kwamba wewe ni mteja mzuri. Sasa mpe 5 badala ya 3. Mwezi wa kwanza linashuka hadi 28, wa pili hadi 25.8, wa tatu inabaki 23 na ushee. Mwezi wa kumi unampelekea 3 na chenji kidogo, mnaachana. Tofauti ya kufungwa maisha na kutoka ndani ya miezi kumi ilikuwa ni 2 katika kila 100. Fanya hesabu hiyo kwa namba zako mwenyewe, polepole, kwa kalamu. Ila kabla ya kumpa hiyo 5 muulize kama anapokea pesa juu ya riba na kupunguza deni kidogokidogo, kwa kuwa wako wanaotaka deni zima kwa mpigo. Akikubali, muandikishane, na kila unapolipa andikeni kilichobaki.

Hiyo 2 itatoka wapi, utaniuliza. Swali zuri, na jibu silijui mimi, analijua daftari. Kurasa za nyuma andika kila senti inayotoka kwa siku 30, hata ya vocha. Na hapa nikuulize kitu ambacho barua yako imekiruka. Mtu mwenye kazi ya kueleweka hafikishi madeni tisa kwa bahati mbaya tu. Kulikuwa na ugonjwa? Msiba? Au kuna kubeti? Kama kuna kubeti, usinijibu mimi, jijibu mwenyewe, ila ujue mpango wowote wa malipo utakuwa maji kwenye pakacha mpaka hilo nalo litafutiwe msaada wake.

Sasa mikopo ya simu. Kukopa huu kulipa ule ni kuchimba shimo ili upate udongo wa kufukia jingine. Lazima siku moja usimamishe, na mwezi huo utauma, sikufichi. Kabla haujafika, wapigie au waandikie wale wenye njia ya kuwafikia, uombe kugawiwa malipo. Chagua mkopo mmoja kati ya ile mitatu, umalize, ufute na programu yake siku hiyohiyo kabla haijakutumia ujumbe wa kukupongeza kwamba kiwango chako kimepanda. Hiyo pongezi ni ndoano.

Kuhusu mkopo mkubwa wa kumeza midogo: rafiki yako hajakosea moja kwa moja. Ukiwa na riba ya asilimia 10 kwa mwezi na ukapata mkopo wa asilimia 2 kwa mwezi, hesabu inaubeba. Ila uliza jumla utakayorudisha mpaka siku ya mwisho, pamoja na ada, bima na makato ya mwanzo, si rejesho la mwezi peke yake. Rejesho dogo la miaka mingi laweza kula zaidi ya rejesho kubwa la miaka michache. Na jiulize swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: wale tisa wakishalipwa, milango yao itakuwa imefungwa? Nimeona watu wakilipa tisa kwa mkopo mmoja, wakapumua miezi miwili, wakajikuta na kumi. Kwa hali yako ya leo, wakati mkeo hajui na mkono bado uko kwenye simu, mimi ningesema subiri. Kaa siku 90 bila deni jipya hata moja. Ukiweza, kalizungumzie suala hilo benki ukiwa na daftari lako.

Foleni ya malipo ina wabishi wengi. Wa hesabu wanasema anza na lenye riba kubwa, na kwa hesabu wako sahihi, utalipa kidogo kwa jumla. Wengine wanasema anza na dogo kuliko yote, ulifute, uone. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichambua kumbukumbu za watu waliokuwa kwenye mpango wa kulipa madeni, wakakuta kwamba waliofunga madeni mengi kikamilifu, hata yakiwa madogo, ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kufika mwisho. Moyo nao una hesabu zake. Kwako ningechanganya: mfute mfanyakazi mwenzako mmoja, yule anayedai kidogo, ili kesho upite mlangoni kwake ukimwangalia usoni. Halafu nguvu yote iende kwa mkopeshaji wa asilimia 10 mpaka aishe. Pesa uliyokuwa ukimpa huyo, akishaisha, isirudi mfukoni. Ihamie kwa anayefuata, nzima.

Wengine wapewe kidogo na wapewe neno. Usisubiri wakupigie. Piga wewe, siku tatu kabla ya tarehe, useme: "Nakuomba muda, sikuombi unisamehe deni. Mwezi huu nina hiki, mwezi ujao nitakuwa na hiki." Ahidi pungufu ya unachoweza. Ukiahidi 4 ukaleta 4, wewe ni mtu. Ukiahidi 10 ukaleta 6, wewe ni mwongo, ingawa umeleta zaidi. Na tafadhali, usiwaahidi wote tarehe ya mshahara, maana siku hiyo utatamani kuzima simu na tutarudi kulekule nje.

Weka pia pembeni kitu kidogo kila mwezi, hata 1 katika 100, mahali pasipofikika kwa kubonyeza. Najua inaonekana ujinga kuweka akiba huku unadaiwa. Lakini mtoto akishikwa na homa usiku na huna kitu, unakopa, na ukikopa siku zako 90 zinaanza upya.

Tuje kwenye kikundi ulichokicheka.

Mwanangu, hawajui kitu kipya. Wanajua kitu kimoja cha zamani: mficha uchi hazai. Nchini Marekani kuna umoja wa wadaiwa, Debtors Anonymous, wenye mizizi ya miaka ya 1960 na uliosimama rasmi mwaka 1976, ulioazima taratibu zake kwa watu wanaosaidiana kuacha pombe. Kanuni yao ya msingi ni fupi: leo sikopi. Kesho tutaiona kesho. Na wana desturi moja ninayoipenda: mdaiwa anakaa na wenzake wawili ambao wamemaliza angalau siku 90 bila kukopa deni jipya lisilo na dhamana, wanafungua hesabu zake pamoja, wanamsaidia kupanga matumizi. Hawakumkopesha, hawamdai, si ndugu zake. Ndiyo maana anaweza kuwaambia ukweli.

Huko Chile nako watafiti walijaribu jambo linalofanana, upande wa akiba. Wajasiriamali wa kipato kidogo wengine walipewa akaunti tu. Wengine walipewa akaunti, wakatamka lengo lao mbele ya wenzao, na wenzao wakawa wanafuatilia. Idadi ya safari za hao wa pili kwenda kuweka pesa ilikuwa zaidi ya mara tatu ya wale wa kwanza. Kundi jingine lilipandishiwa riba ya akiba sana, na wengi wao hawakubadilika. Fikiri hapo. Faida kubwa haikuwasogeza, ila kuulizwa na mwenzako "vipi, umeweka?" kuliwasogeza.

Basi nenda. Lakini nenda ukiwa na macho. Uliza kama kuna kiingilio kikubwa, kama kuna mtu anayeuza kitu, kama wanakopeshana. Ukiona wanakopeshana, hicho ni kikundi kingine, kina kazi yake njema, ila si dawa ya mtu mwenye tisa. Usimdhamini mtu pale, na asikudhamini. Ya kule yabaki kule. Ukikosa cha maana, tafuta wawili tu wanaodaiwa na wamechoka kama wewe, mkutane kila wiki siku ileile, dakika 40 zinatosha. Kila mmoja afungue daftari asome matatu: nimelipa nini, nimekopa nini, wiki hii nina tarehe gani. Atakayesema "nimekopa" asihubiriwe. Aulizwe ilikuwa saa ngapi na alikuwa na nani. Utashangaa jinsi majibu yanavyofanana kila mara, na kwako nahisi itakuwa usiku, peke yako, umeshika simu.

Ila kikundi si cha kwanza. Wa kwanza ni mkeo. Usithubutu kuwasomea wageni mistari tisa ambayo mwenzako wa kitanda anaujua mmoja. Akija kuyasikia kwa shemeji yako, na atayasikia, halitakuwa tena suala la pesa.

Atakasirika. Ana haki, na huenda hasira ikachukua siku kadhaa. Huenda naye ana la kwake aliloficha, limetokea kwa wengi walioniandikia, basi litaongezwa mstari wa kumi. Usimwendee ukiwa na nusu, ukaungama sita ukaacha tatu kwa siku nzuri zaidi. Usianze kwa "usikasirike", wala usianze na historia ya ilivyokuwa. Watoto wakishalala, zima simu, weka daftari mezani ukurasa ukiwa wazi, mgeuzie upande wake, kisha unyamaze mpaka afike mstari wa mwisho.

Shangazi