Futa hiyo aya ya Camillus kabla ya Ijumaa

Mleta uzi, umeuliza kwa nini Warumi walikimbia pale Mto Allia, karibu na Roma, kabla Wagauli hawajauteka mji, na Wagauli hao walipigana kwa silaha gani, halafu ukagusia tu kwamba insha unaimalizia kwa Camillus, jemadari wa Kirumi, kuzuia malipo ya dhahabu ya kuukomboa mji na kuwafurusha Wagauli. Hapo ndipo moyo ulinipasuka. Futa hiyo aya leo, mkuu. Mimi insha yangu niliikabidhi ikiwa na mwisho huo huo.

Mwaka wangu wa pili chuoni, kazi ya alama 40 kati ya 100. Kurasa tatu nzima nilizimalizia kwenye mizani: Brennus, kiongozi wa Wagauli, anadai ratili 1,000 za dhahabu, Warumi wanalalamika kuwa mawe ya kupimia yamechakachuliwa, naye anaurusha upanga wake juu ya mizani, "Ole wao walioshindwa!" Mara Camillus huyo, anaingia na jeshi. Mhadhiri alipiga mstari mwekundu pembeni, kutoka juu hadi chini, kurasa zote tatu, akaandika maneno mawili: "Nani kasema?" Nikarudia somo. Ada nikalipa upya.

Kasema Livy, mwanahistoria wa Kirumi aliyeandika zaidi ya miaka 350 baada ya tukio, na mwanzoni mwa kitabu chake cha 6 anakiri mwenyewe kwamba kumbukumbu nyingi ziliteketea mji ulipochomwa. Polybius, mwanahistoria Mgiriki, alimtangulia kwa zaidi ya miaka 100, na kwake Camillus hayumo kabisa. Anasema Wagauli walisikia Waveneti, jirani zao, wamevamia nchi yao, wakapatana na Warumi, wakarudi kwao na ngawira bila kuguswa. Kuna na ukoo wa Kirumi wa kina Drusus: Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa baadaye, anasimulia kwamba dhahabu ile ilisemekana kurudishwa na mtu wao, miaka mingi baadaye, akitokea jimbo la Gaul, wala si Camillus. Dhahabu moja, waokoaji wawili! Kila mmoja na ukoo wa kumsifia.

Aliyenipoteza ni jamaa aliyekuwa akituuzia nukuu zilizochapwa nje ya maktaba. Kurasa 60, na hakuna hata mstari mmoja wenye "kwa mujibu wa". Alijua tunazitegemea kwa mtihani, akachukua hela zetu. Mpaka leo sijamsamehe.

Kwa hiyo shika hili: kila tukio unaloandika kuhusu vita hivi, weka pembeni jina la aliyelisimulia na miaka iliyopita mpaka akaandika. Lisilo na jina, toa. Na msije kunirukia hapa kwamba nawafukuza bata bukini wa mungu wa kike Juno, wale wanaosemekana kuwaamsha walinzi usiku pale kilima cha Kapitoli. Wabaki wapige kelele zao, ila kwa mujibu wa Livy. Mwaka nao vilevile: 390 KK ni hesabu ya Warumi wenyewe, ya Polybius inaangukia 387 au 386. Taja zote mbili.

Ukishaiandika upya hiyo aya ya mwisho, ibandike hapa niisome. Alhamisi usiku nitakuwepo.