Mpaka, kikomo na ukomo: lipi liandikwe wapi?

SWALI: Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya uvuvi ya shehia moja katika Wilaya ya Wete, Pemba. Katika rasimu ya kanuni zetu za kufunga sehemu ya mwamba ili pweza wakue, niliandika: "Mpaka wa eneo lililofungwa ni mkondo wa kusini, na mpaka wa kufungwa kwake ni miezi mitatu." Mwenzangu mmoja anataka "mpaka" la pili liwe "kikomo", mwengine anasema "ukomo" ndilo neno la kiserikali. Nani yupo sawa? Na je, "hadi" na "mpaka" zina tofauti?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu katibu. "Mpaka" la kwanza limekaa pahala pake. La pili halikukaa, ingawa kulibadilisha kwa "kikomo" peke yake hakutoshi, kama nitakavyoeleza.

Tuanze na kitenzi. Sambamba na "mpaka" tunacho "kupakana", chenye kiambishi cha kutendana mwishoni, na ndiyo maana hakuna kitu kinachopakana peke yake: Wete inapakana na Micheweni na Chake Chake, shamba linapakana na shamba, na anayesema kiwanja chake kimepakana, asitaje kimepakana na nini, ataulizwa. Mpaka, kwa hivyo, una pande mbili, na upande wa pili nao ni wa mtu, au wa nchi, au angalau ni pahala panapoweza kuingiwa. Kikomo hakina upande wa pili. Neno hili limetokana na "kukoma", na chenye kukoma humalizika pale pale bila ya kuulizwa jirani yake ni nani. Barabara inaweza kuvuka mpaka wa shehia mbili kabla ya kufika kikomo chake pwani.

Eneo lenu la mwamba lina mpaka kwa sababu ng'ambo ya mkondo huo watu wanaendelea kuvua. Kufungwa kwake hakuna jirani; kuna siku ya mwisho tu. Lakini miezi mitatu si kikomo, ni muda, na kikomo lazima kiwe nukta moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole katika kalenda. Basi ama muandike kwamba eneo "litafungwa kwa muda wa miezi mitatu", ama mutaje tarehe na museme kuwa hiyo ndiyo "kikomo cha kufungwa". Mimi ningeandika yote mawili, kwani kanuni za namna hii aghalabu husomwa na watu ambao tayari wameshakasirika.

Wingi wa neno hili nao una kazi yake. "Mpaka" ni mstari. "Mipaka" mara nyingi ni kile kilichozungukwa na mistari. Katiba ya Zanzibar ya 1984, inapoeleza eneo la nchi kuwa ni visiwa vya Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vilivyoizunguka na bahari yake, inatumia "mipaka", na ndiyo maana tunasema "ndani ya mipaka" kuliko "ndani ya mpaka". Wingi huo huo tunauona katika mambo ya adabu na dini. Mtu aliyezidisha ufedhuli tunasema amechupa mipaka, na waliofasiri Kurani kwa Kiswahili wameliweka neno "mipaka" pahala pa hududi za Mwenyezi Mungu, ambazo katika Surat Al-Baqara waumini wanakatazwa kuzikaribia (aya ya 187) na kisha kuzikiuka (aya ya 229). Mipaka huchupwa kwa kuwa upande wa pili pana pahala pa kutua. Kikomo hakichupwi, hufikiwa. Kwa sababu hiyo sioni kosa kwa vijana wa leo wanaosema "kuweka mipaka" baina ya ndugu au wachumba, ijapokuwa wapo wanaoinung'unikia kauli hiyo kuwa ni ya kuazima.

Tusichanganye mpaka na alama yake. Ua, kitalu cha mawe na kigingi ni vitu. Ua ukianguka, mpaka haukuanguka. Mjini Unguja, hori la maji lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya pili lilifukiwa, na bado watu wanaishi Ng'ambo.

Kuhusu "ukomo", si neno la kiserikali zaidi, ila maofisini limezoeleka katika "ukomo wa bajeti" na "ukomo wa uongozi". Kiambishi u- kinalifanya litaje hali, wala si nukta. Rais wa Zanzibar haruhusiwi kuzidi vipindi viwili vya miaka mitano mitano: huo ni ukomo, nao upo tangu siku anapoapishwa, ilhali kikomo chake ni siku anapoondoka. "Upeo" ni jengine kabisa, kwani ni pale uwezo unapofikia, kama upeo wa macho, unaosogea kila chombo kinaposogea; usiuandike katika kanuni.

Sasa "hadi" na "mpaka". "Hadi" ni neno la Kiarabu, na wingi wake huko ni hizo hududi tulizozitaja. Linapounganisha mwanzo na mwisho wa safari au wa muda, halitofautiani na "mpaka" kwa maana. Nakushauri, hata hivyo, katika kanuni utumie "hadi" kwa kazi hiyo na "mpaka" ubaki kuwa nomino, ili msomaji asisite baina ya "doria itafika mpaka Konde" na "doria itafika mpaka wa Konde". Wanaosema "hadi mpaka kesho" wanarudia neno bila ya faida; "hadi mpaka wa shehia" ni sahihi, kwani hapo la pili ni nomino.

Hakuna kati ya maneno haya mawili linalotuambia kama siku ya mwisho imo au haimo. Ukiandika "hadi tarehe 30", atatokea mmoja ashuke mwambani alfajiri ya tarehe 30 na chuma chake cha pweza, na hutakuwa na la kumjibu. Andika "hadi tarehe 30, siku hiyo ikiwemo".