Mnaokuja kufanya kazi za wazee Minnesota: hivi ndo "cold" inavyotumika huku

Haya wadau, hii ni kwa wale mnaoanza kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee huku Minnesota. Naona wengi mnakariri visawe vya "cold" kama mnajiandaa na mtihani wa darasa la saba, chilly, frosty, icy, frigid, afu siku ya kwanza kazini nesi anauliza kitu kidogo tu mtu anabaki kutoa macho. Nusu ya hiyo orodha hutoitumia kazini, kuna maneno machache tu ndo yanakulipa mshahara na mengine utayaokota kwenye basi.

Anza na mwili. "I'm cold" maana yake nasikia baridi, naomba blanketi. "I have a cold" maana yake nina mafua, na hiyo "a" ndogo hapo katikati ndo imebeba ugonjwa wote. Ukipiga simu saa kumi na moja alfajiri kuomba ruhusa ukasema "I'm cold", supavaiza atashangaa tu, huku nani hasikii baridi, vaa koti uje. Na bibi akikwambia ana "a cold" usiishie kumfunika, mwambie nesi mapema maana mafua kwa watu wa miaka themanini na kitu hayachezewi na yanahama chumba hadi chumba. Ukikutana na "cold sore" hiyo sio mafua kabisa, ni vile vidonda vya mdomoni vinavyoletwa na kirusi.

Neno ambalo ningekushauri ulijue hata kabla hujapanda ndege ni "chills". Hii sio baridi ya hewa, ni ile baridi ya homa, mtu anatetemeka meno yanagongana na chumba kina joto la kutosha, sisi tuliokulia kwenye malaria tunaijua vizuri tu ila tulikuwa tunaiita baridi basi. Mzee akiwa na "chills" mara nyingi kuna maambukizi mahali, mkojo au mapafu, kwahiyo usiandike kwenye ripoti eti "he was cold", ukiandika hivo anayekuja shifti ya usiku atapandisha hita na kuendelea na mambo yake. Andika "chills", pima joto la mwili, mwite nesi. Na wewe mwenyewe ukipata homa na "chills" ndani ya miezi yako ya mwanzo huku, au ukitoka likizo Bongo, mwambie daktari wazi kabisa kwamba umetoka sehemu yenye malaria, usisubiri aulize, madaktari wengi huku hawakutani nayo kila siku wanaweza kudhani ni flu tu ukarudishwa nyumbani na panadol.

Ngozi nayo ina maneno yake. "Cool" ni ubaridi kidogo, "cold" umezidi, na "clammy" ni baridi yenye jasho jasho, ukigusa mkono unateleza. Nesi akisikia kwenye simu "cool and clammy" anakuja mbio hata kama alikuwa anakula, maana inaweza kuwa presha imeshuka, sukari imeshuka au moyo una shida. Kwa kweli hayo mawili yana thamani kuliko frigid na frosty zote ukizijumlisha.

Chumba sasa. Wazee watalalamika "it's freezing in here" na wewe umevaa skrabu tu, zile sare nyepesi za kazi, unatoka jasho. Usibishane nae, "freezing" hapo haimaanishi maji yanaganda ni kukuza tu maneno, lakini malalamiko ni ya kweli. Sheria ya serikali kuu inataka nyumba hizi, zile zilizosajiliwa baada ya Oktoba 1990, zikae kati ya nyuzi 71 na 81 za Fahrenheit, yaani kama 22 hadi 27 zetu, kwahiyo angalia themostati kwanza ndo umletee sweta.

Vinywaji, hapa Wabongo tunachekesha. Kwetu soda ni baridi au ya moto, na ya moto ni ile tu haijaingia friji. Usije ukamuuliza babu kama anataka "hot Coke", atadhani umeichemsha. Sema "room temperature".

Nje huko ndo utajua watu wa hapa wana utani wao. Bwawa limeganda, magari yanapita juu ya ziwa, jirani anakwambia "a bit chilly today", yaani leo kuna kibaridi kidogo, au "brisk". Usiamini midomo yao amini simu yako, tena usisome joto tupu soma "wind chill", yaani baridi ukichanganya na upepo. Nyuzi 0 za Fahrenheit na upepo wa maili 15 kwa saa mwili unapigwa kama ni -19, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, kituo cha basi kinakutosha kabisa kuumia sikio. Kule Tower, kaskazini ya jimbo, Februari 2, 1996 ilifika -60, mtu wa Makete mwenyewe angerudi ndani.

Kwa watu kuweni makini. "He's cool" ni sifa, "he's chill" ni mtu asiye na makuu, "he's cold" ni mtu asiye na huruma, na "frigid" iacheni kwenye taarifa ya hali ya hewa, ukimwambia mwanamke ni tusi la chumbani na unaweza kuitwa ofisini. Mwenzako akikuomba mbadilishane shifti ukajibu "I'm cool" hujasema unasikia baridi, umesema niko sawa, na kutegemea sauti yako anaweza kuelewa umekubali au umekataa, kwahiyo mi huwa nasema tu yes au no. Na babu akijisifu aliacha sigara "cold turkey" usimtafutie sandwichi ya bata mzinga, anamaanisha aliacha siku moja, ghafla, bila dawa.