Randy Weston: Chagua Wimbo Mmoja, Ufuate

Watu wakiniuliza waanzie wapi kumsikiliza Randy Weston, jibu langu huwaudhi kidogo. Wanataka niwatajie albamu moja, mimi nawatajia wimbo. Chukua wimbo mmoja, tafuta kila alipourekodi, sikiliza kwa kufuata miaka. Albamu nzima zitakuja baadaye, na zikija utazielewa haraka.

Nina sababu. Mpiga piano huyu wa jazi alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 6 Aprili 1926, akafariki tarehe 1 Septemba 2018. Santuri yake ya kwanza akiwa kiongozi ilitolewa na Riverside mwaka 1954, na mwaka aliofariki bado alikuwa anatoa kazi. Hiyo ni zaidi ya miaka 60, na makampuni hata hayahesabiki: Riverside, United Artists, Roulette, CTI, Verve na mengineyo. Ukisema utaanza mwanzo hadi mwisho, utachoka kabla hujafika Moroko, alikohamia baadaye, na huko ndiko mambo yanakokolea. Lakini ukizikagua orodha za nyimbo unagundua jambo: alikuwa na nyimbo chache alizozipenda, akawa anazirudia kila alipobadilika yeye, bendi yake au bara alilokuwa akiishi. Urithi wake umo humo kwenye kurudia.

Mimi huwapa wageni "Hi-Fly". Weston alikuwa jitu la zaidi ya mita mbili, na wimbo huo ni wa mtu anayeiona ardhi iko mbali sana chini yake. Mwaka 1959 aliupiga klabuni Five Spot, New York, na Coleman Hawkins akiwa kwenye saksafoni, Kenny Dorham kwenye tarumbeta na Roy Haynes kwenye dramu. Hawkins wakati huo alikuwa mzee wa heshima katika jazi, na Weston alikuwa amemwabudu tangu utotoni. Mwaka huohuo mpiga saksafoni Cannonball Adderley na mpiga dramu Art Blakey nao waliupiga katika rekodi zao za jukwaani, kwa hiyo uwasikilize wao pia: utajua ni kitu gani ni cha wimbo na ni kipi ni cha Weston mwenyewe. Kisha ruka hadi "Tanjah" ya mwaka 1973, ambako wimbo umepewa bendi kubwa yenye ngoma nyingi. Malizia na "The Storyteller", iliyorekodiwa jukwaani New York mwaka 2009, mzee akiwa na miaka 83. Wimbo ni uleule, mtu yuleyule, nusu karne katikati.

Ukisikiliza, weka sikio kwenye mkono wa kushoto. Wapiga piano wengi wa rika lake walikimbilia upande wa kulia, noti nyembamba nyembamba zikimwagika kama mvua. Weston alikaa chini. Aligonga sauti nzito, akaacha nafasi, akagonga tena. Wapiga piano Duke Ellington na Thelonious Monk unawasikia wote wawili mle. Kwa hiyo, tafadhali, usimsikilize kwa spika ya simu. Spika ya simu inakata sauti za chini zote, na ukimkata Weston sauti za chini umebakiwa na nusu ya mtu. Spika za masikioni za bei ya kawaida zinatosha. Kama nyumbani kuna redio kubwa ya sebuleni, bora zaidi, majirani wavumilie.

Kuna jingine la kiufundi ambalo linawapoteza wasikilizaji wa siku hizi. Mwaka unaouona kwenye programu ya muziki mara nyingi ni mwaka albamu ilipotolewa au ilipotolewa upya. Kwa Weston tofauti hiyo inavuruga kila kitu. "African Cookbook" inaonekana ni ya 1972 kwa sababu ndipo Atlantic walipoitoa, lakini ilirekodiwa 1964. Weston alishaitoa mwenyewe kwa jina jingine, katika lebo yake ndogo, baada ya makampuni kuikataa. "Monterey '66", ambamo wimbo huohuo wa "African Cookbook" unakwenda karibu nusu saa na Booker Ervin anapuliza saksafoni utadhani jukwaa linaungua, haikufika madukani hadi 1994. Usipojua hayo utaona mtu aliyerudi nyuma miaka thelathini bila sababu. Mimi huandika mwaka wa kurekodi pembeni ya kila wimbo kwenye orodha yangu, na nakushauri ufanye hivyo. Ni kazi ndogo, na inageuza rundo la nyimbo kuwa maisha ya mtu.

Wimbo wa pili wa kufuata ni "Little Niles". Ni waltzi, mapigo matatu matatu, na aliutunga kwa ajili ya mwanawe Niles. Binti yake Pamela naye alipata wake, "Pam's Waltz". Mwaka 1958 alirekodi albamu nzima ya nyimbo za namna hiyo, zote za watoto, zote katika hesabu ya tatu. Mtoto yule alikua, akajulikana kama Azzedin, akawa mpiga ngoma. Ukifika "Tanjah", "Little Niles" imo tena, na Azzedin yumo katika bendi. Anapiga ngoma kwenye santuri yenye wimbo aliotungiwa akiwa mdogo. Sijui msanii mwingine ambaye rekodi zake zinakupa kitu kama hicho bila mtu yeyote kukisherehekea.

Sasa Moroko. Mwaka 1967 serikali ya Marekani ilimtuma yeye na kikundi chake katika ziara ya nchi za Afrika Magharibi na Kaskazini. Alishafika Nigeria mara mbili kabla ya hapo, mwaka 1961 na 1963, na "Highlife" ya 1963 ni matunda yake. Humo utakuta wimbo wa Bobby Benson wa Nigeria na wa Guy Warren wa Ghana. Lakini baada ya ziara ile hakutaka kurudi kukaa Brooklyn. Alihamia Moroko, na huko Tangier akafungua klabu aliyoiita African Rhythms. Ndipo alipokutana na Wagnawa, kizazi cha Waafrika weusi waliopelekwa kaskazini kuvuka Sahara wakiwa watumwa, ambao ngoma zao za usiku kucha hupigwa kuita na kutuliza mizimu. Kinanda chao cha nyuzi tatu, guembri, kina besi nzito ileile aliyokuwa akiitafuta mkono wake wa kushoto. Kila mzimu una nyimbo zake na rangi yake, na ya Sidi Musa ni bluu. Hapo ndipo "Blue Moses", yaani Musa wa bluu, ilipotoka.

Albamu ya "Blue Moses", ya 1972, inawagawa watu. Kampuni ya CTI ilimtaka apige piano ya umeme, chombo asichokipenda, na sauti za okestra zikawekwa juu baada ya yeye kuondoka. Yeye mwenyewe hakufurahishwa. Na ndiyo iliyouzwa kuliko zote! Ushauri wangu ni uisikilize hivyohivyo bila kuionea haya, kwa sababu tarumbeta ya Freddie Hubbard iko motoni na besi ya Ron Carter inajua inakokwenda. Ila usiishie hapo. Tafuta "The Spirits of Our Ancestors", iliyorekodiwa 1991, usikie "Blue Moses" kwa piano ya kawaida, safari hii Weston akiwa bwana wa nyumba. Ukizipanga hizo mbili moja baada ya nyingine, utajua kampuni iliongeza nini na ilificha nini. Halafu ipo "The Splendid Master Gnawa Musicians of Morocco", ambamo Weston anawaachia wazee wa Kignawa nafasi karibu yote. Hiyo ni ngumu kwa mgeni. Iweke akiba.

Nimeichelewesha albamu ya "Uhuru Afrika" kwa makusudi. Sisi wasemaji wa Kiswahili huletewa Weston kwa mlango huo, na naona kwa marafiki wengi kinachotokea: wanasikia Kiswahili kwenye jazi ya New York, wanachekelea, wanamtumia mtu mwingine, basi. Piano hawakuisikia. Ndiyo maana mimi huitanguliza "Hi-Fly" na kuiacha hii hadi sikio limezoea.

Ilirekodiwa Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru. Tanganyika ilikuwa bado ina mwaka mmoja na ushee wa kungoja, Kenya mitatu. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike katika kazi hiyo, akauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, na jibu likawa Kiswahili. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Aliyeyasoma kwa Kiswahili ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika (na aliyewahi kufika Makete, kusini mwa Tanzania, hahitaji kuambiwa Sanga ni jina la wapi). Sehemu ni nne: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues". Wanamuziki walipita 20. Max Roach na Charlie Persip kwenye dramu, Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Kuba kwenye ngoma za mikono. Yaani Afrika, visiwa vya Karibi na Marekani katika chumba kimoja, miaka mingi kabla watu hawajaanza kuchanganya hivyo kama mtindo. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964, jambo linaloonyesha kwamba angalau wao waliisikiliza kwa makini.

Sikiliza utangulizi, ndiyo, umsikie Sanga. Kisha urudie "African Lady" bila kujali maneno, ukifuata vyombo vya kupuliza vinavyompisha mwimbaji. Na hapo ndipo ninapotaka uangalie jina ambalo huandikwa kwa herufi ndogo: Melba Liston.

Liston alikuwa mpiga tromboni, mwanamke katika bendi za wanaume, na ndiye aliyepanga muziki wa "Little Niles", wa "Uhuru Afrika", wa "Tanjah" na wa "The Spirits of Our Ancestors". Weston alileta wimbo kwenye piano; Liston aliamua tarumbeta ziseme nini, tromboni zinyamaze wapi, filimbi iingie lini. Mwaka 1985 alipata kiharusi kilichomwacha kwenye kiti cha magurudumu na kumkatisha kupuliza. Kazi ya 1991 aliipanga kwa kompyuta. Kwa maoni yangu hakuna urithi wa Randy Weston usio nusu wa Melba Liston, na ukitaka kuhakikisha, chukua wimbo mmoja aliopanga yeye na uuweke kando ya uleule Weston akiupiga na kikundi kidogo. Utasikia mahali ambapo mkono wa Liston ulipita. Alifariki 1999.

Kama kuna siku unasikiliza na hauelewi kitu, usijilaumu. Weston mwenyewe, alipomsikia mara ya kwanza Monk, aliyekuwa katika bendi ya Hawkins, alidhani yule mtu hajui kupiga piano. Alirudi tena, sikio likageuka, akawa anakwenda nyumbani kwa Monk kukaa na kutazama. Mwaka 1989 alirekodi albamu tatu katika siku tatu mfululizo: moja ya nyimbo za Ellington, moja ya Monk, moja yake mwenyewe. Ile ya Monk isikilize ukiwa na rekodi za Monk mwenyewe karibu. Weston hamwigi. Anazichukua nyimbo zile na kuziongezea ngoma, na zinakubali.

Kuhusu kununua: albamu za miaka ya 1950 na 1960 zimetolewa upya mara nyingi, na "Uhuru Afrika" na "Highlife" ziliwahi kuunganishwa katika CD moja. Ukiikuta, ichukue, kwa sababu ukisikiliza mfululizo unamwona mtu aliyeiota Afrika mwaka 1960 na aliyekwisha kuikanyaga mwaka 1963. Toleo lenye kijitabu cha maelezo lina faida kuliko faili tupu, maana majina ya wapigaji ndiyo yatakayokupeleka kwenye santuri nyingine. Kutoka kwa Booker Ervin peke yake utapata kazi ya mwezi mzima.

"Sound" iache mwisho kabisa. Ni piano peke yake, iliyorekodiwa 2001 na kutolewa 2018. Ukiifikia ukiwa tayari unazijua nyimbo zake kwa bendi, mkono wa kushoto utakujazia wapigaji wasiokuwepo. Ni CD mbili. Usizimalize kwa mkupuo.